Nani Kapewa 'May', Nani Kapewa 'Shall'?

Najua utashangaa. Umelifungua jarida la Chama cha Kiswahili ukitarajia mashairi, vitendawili na vichekesho, kisha unakutana na mtu wa kidato cha tatu anayetaka kukueleza habari za vitenzi vya Kiingereza. Ati amepotea njia? La hasha! Nimeuleta mjadala huu hapa makusudi, maanake katika kipindi cha Kiingereza hauruhusiwi kuletwa kwa lugha hii ninayoitumia sasa, na mimi naona hapo ndipo taabu inapoanzia.

Maoni yangu ni haya. Vile vitenzi vidogo tisa vya Kiingereza, yaani 'can', 'could', 'may', 'might', 'shall', 'should', 'will', 'would' na 'must', haviwezi kumwingia vizuri mtoto anayefikiri kwa Kiswahili iwapo atafundishwa kwa Kiingereza kitupu. Vifundishwe vikiwa vimewekwa ubavuni mwa Kiswahili. Mtihani ni sababu mojawapo, lakini iko kubwa zaidi. Karatasi karibu zote zinazotawala maisha yetu hapa Kenya, mikataba, sheria, barua za karo, hata maandishi kwenye chupa ya dawa, huandikwa kwa vitenzi hivyo. Asiyevijua atatia sahihi mambo asiyoyaelewa.

Hebu tuanze darasani. Vitenzi hivi tisa vina tabia zao. Havikubali kuongezwa 's' hata mtendaji akiwa mmoja. Havipendi 'to' mbele yao. Kitenzi kinachovifuata hukaa kitupu, bila nguo yoyote. Kila mwaka mwalimu huandika hayo ubaoni, nasi tukayanakili, na kila mwaka daftari hurudi zimejaa wino mwekundu: 'he cans', 'she can to go', 'they must to pay'. Husemwa kwamba ni uzembe. Mimi nakataa. Ni Kiswahili kinafanya kazi yake kimya kimya. Kwetu sisi 'weza' ni kitenzi kamili kama vile 'lima' au 'soma'. Huchukua nafsi na wakati: anaweza, aliweza, ataweza, wangeweza. Na kinachofuata huja na 'ku' yake: anaweza kusoma, anaweza kuimba. Basi mtoto akiandika 'can to sing' amehamisha ile 'ku' akaipeleka ng'ambo. Kumwambia aiondoe bila kumwonyesha ilikotoka ni sawa na kumpangusa mtu kamasi ukaacha mafua yake.

Halafu kuna jambo la 'nge' na 'ngali', ambalo mimi hunichekesha. Mwalimu wa Kiswahili hutufundisha kwamba pande zote mbili za sentensi zilingane: 'Ungalikuja mapema, ungalimkuta.' Ukichanganya, alama imekwenda. Kengele inalia, anaingia mwalimu wa Kiingereza, naye anataka kinyume chake kabisa: upande wa 'if' uwe 'had come', na 'would have' ikae upande wa pili peke yake. Sisi tunaandika 'If you would have come early, you would have found him', kwa sababu masikio yetu yamezoea mizani ya pande mbili. Walimu hawa wawili huketi katika chumba kimoja, pengine wanamiminiwa chai ya birika moja, lakini sijawahi kuwaona wakiziweka sentensi hizi mbili ubaoni zikatazamana. Dakika tano zingetosha. Na baada ya hapo tungeona pia kwamba 'nge' yetu na 'would' yao ni marafiki sana mahali pengine, kama pale mtu anapotaka kuwa na adabu: 'ningependa kuuliza', 'I would like to ask'. Lugha zote mbili zinarudi nyuma kidogo, kama mtu anayebisha hodi badala ya kuusukuma mlango.

'Must' nayo ina mtego wake, na mtego huu unaweza kumwumiza mtu. Wengi tumejifunza kwamba 'must' ni 'lazima', basi tunaona 'must not' itakuwa 'si lazima'. Sivyo hata kidogo! 'Si lazima uingie' ni ruhusa. Ukitaka ingia, usipotaka kaa. Ama 'you must not enter' ni marufuku: usiingie. Kwa Kiingereza ile 'not' hukikalia kitendo, si ile lazima. Ukitaka kusema 'si lazima' kwa Kiingereza utatafuta njia nyingine, 'you need not' ama 'you do not have to'. Sasa fikiria kibao kilichobandikwa mlangoni pa maabara ya kemia, au kwenye uzio wa transfoma ya stima, kisomwe na mtu wa ile tafsiri ya kwanza.

Kinachonipendeza zaidi ni asili ya maneno haya. Kamusi kubwa za Kiingereza hueleza kwamba 'can' zamani ilikuwa na maana ya kujua. Na sisi je? Si twasema 'Huyu anajua kuimba' tukiwa na maana kwamba anaweza? 'Will' ilikuwa na maana ya kutaka, ndiyo sababu hata leo wosia wa marehemu huitwa 'will', kwani ni matakwa yake. Tazama kwetu sasa. Wataalamu wa lugha husema kiambishi chetu cha wakati ujao, 'ta', kimetokana na kitenzi 'taka'. Ukisema 'nitakuja', ndani yake mna kutaka kuja kulikochakaa kwa matumizi mpaka kukabaki silabi moja. Lugha mbili zisizokuwa na udugu wowote, na zote zimepita njia ileile. Jambo hili peke yake lingefaa kufundishwa.

Lakini yaliyonishika ni maneno mawili, 'shall' na 'may'. 'Shall' asili yake ni kuwa na deni. Wajerumani, ambao lugha yao ni jamaa ya Kiingereza, hadi leo huita deni 'Schuld', na neno hilo ni la ukoo huohuo. 'May' asili yake ni kuwa na nguvu, na ndugu yake 'might' hata sasa likitumiwa kama jina lina maana ya nguvu. Basi shika hayo mawili: 'shall' ni deni, 'may' ni nguvu. Nitakuonyesha yanavyofanya kazi.

Shangazi yangu huuza mitumba. Mwaka juzi alipata chumba cha duka karibu na steji, mahali pazuri penye wapita njia. Mwenye nyumba akampa mkataba wa kurasa mbili, wote Kiingereza. Shangazi alisoma mpaka darasa la saba, kwa hiyo akampa mwanawe, binamu yangu, ambaye alikuwa amemaliza kidato cha nne na alama si mbaya za Kiingereza. Walipofika penye maneno 'the landlord may review the rent at any time', binamu akamweleza, "Mama, hapa wanasema huenda siku moja akaangalia tena kodi. Huenda tu, si hakika." Shangazi akaona hilo ni la kawaida. Kila kitu duniani huenda. Akatia sahihi.

Mwezi wa nne kodi ikapanda kwa elfu mbili. Alipokwenda kulalamika, mwenye nyumba hakugombana naye. Alitoa tu nakala yake, akaweka kidole kwenye mstari uleule.

Binamu hakumdanganya mamake. Alifundishwa kwamba 'may' ni 'huenda', na mahali pengi ni kweli. Dawa ya kikohozi ikiandikwa 'may cause drowsiness', maana yake ni kwamba huenda ikakuletea usingizi. Dawa haiombi ruhusa ya mtu. Lakini mtu akiandikiwa 'may' katika mkataba, hiyo ni 'may' nyingine: amepewa ruhusa, amepewa nguvu, na hahitaji kukuuliza tena. Kiswahili kina maneno mawili mbalimbali hapo, 'huenda akaongeza' na 'ana ruhusa ya kuongeza', na hakuna mzungumzaji wa Kiswahili, hata bibi ya mtu kijijini, anayeweza kuyachanganya. Kumbe tofauti hiyo ilikuwa ndani ya kichwa cha binamu siku zote! Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia ailete kwenye kipindi cha Kiingereza.

Niliuomba mkataba ule nikaketi nao na penseli. Kila 'shall' nikaipigia mstari, kila 'may' nikaizungushia duara. Mpangaji 'shall' kulipa kodi kabla ya tarehe tano. Mpangaji 'shall' kurekebisha mlango ukivunjika. Mpangaji 'shall' kutoa notisi ya mwezi mmoja, na 'shall not' kumpangisha mwingine. Mwenye nyumba 'may' kuingia kukagua, 'may' kubadili kodi, 'may' kuvunja mkataba. Mistari ikawa upande mmoja na duara upande mwingine, isipokuwa pahali pamoja tu ambapo mwenye nyumba alitakiwa kutoa risiti. Mmoja alijaziwa madeni, mwenzake akajaziwa nguvu. Sisemi mkataba huo ulikuwa haramu, mimi si wakili. Nasema shangazi angalisomewa kwa Kiswahili chenye kutofautisha, angaliuliza swali moja kabla ya kuishika kalamu: "Mbona wewe huna deni lolote?" Pengine angalikataliwa, lakini angaliuliza.

Sasa tuiache nyumba ya kupanga tuingie nyumba kubwa, yaani Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 7 kinasema kwamba lugha ya taifa ni Kiswahili, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Hicho sisi wa Chama cha Kiswahili tunakijua kwa moyo, hatusimami kwenye gwaride bila kukitaja. Lakini ni wangapi kati yetu waliofika kifungu cha 259? Huko imeandikwa kwamba matoleo ya Katiba ya lugha mbalimbali yakigongana, toleo la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Maana yake ni nini? Ni kwamba mwananchi aliyeisoma Katiba yake kwa Kiswahili bado hana neno la mwisho. Neno la mwisho liko kwenye 'shall' na 'may'.

Na hata hizo 'shall' zenyewe wakubwa hawakukubaliana juu yake. Kifungu cha 81 kinataka katika mabaraza ya kuchaguliwa pasiwe na zaidi ya theluthi mbili ya watu wa jinsia moja, na kimetumia 'shall'. Mimi kwa akili yangu ya kidato cha tatu ningesema ni deni, lilipwe. Swali lilifika Mahakama ya Juu, na mnamo Desemba 2012 majaji walio wengi wakatoa ushauri kwamba 'shall' huwa amri ya papo hapo pale tu ambapo jambo lenyewe liko wazi na laweza kutekelezwa bila matayarisho mengine. Kwa hili la jinsia, wakasema, litekelezwe hatua kwa hatua, sheria yake iwe tayari kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu wa wakati huo, Willy Mutunga, hakukubaliana na wenzake. Umeona? Neno moja, herufi tano, na majaji wakuu wa nchi wakagawanyika.

Tarehe hiyo ilifika, ikapita, sheria haikupatikana. Iko sehemu nyingine ya Katiba, kifungu cha 261, inayoeleza litakalofuata Bunge likikaidi amri ya mahakama ya kutunga sheria kama hiyo. Sentensi yake ina 'shall' mbili. Jaji Mkuu 'shall' kumshauri Rais alivunje Bunge, na Rais 'shall' kulivunja. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimwandikia Rais Uhuru Kenyatta akimshauri hivyo. 'Shall' ya kwanza ikawa imetimizwa. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikausimamisha ushauri huo kwa muda, na 'shall' ya pili ikabaki karatasini. Bunge lile lilikaa mpaka uchaguzi wa Agosti 2022. Hapo nitanyamaza, maanake nikiendelea mwalimu mlezi wa jarida atanifutia ukurasa mzima. Nitaongeza tu kwamba Afrika Kusini, walipoandika Katiba yao ya mwaka 1996, waliiacha 'shall' wakatumia 'must' ili watu wa kawaida wasome na kuelewa. Walikwisha kuliona jambo hili mapema.

Huenda mtu akasema kwamba kugongana kwa matoleo ya lugha mbili ni hofu ya bure, haitokei. Imewahi kutokea, tena jirani tu hapa, Ethiopia. Tarehe 2 Mei 1889 Mfalme Menelik wa Pili alitia sahihi Mkataba wa Wuchale na Italia, ukiwa umeandikwa kwa Kiamhari na kwa Kiitaliano. Kifungu chake cha 17 kwa Kiamhari kilisema kwamba Menelik anaweza kuitumia serikali ya Italia katika mambo yake na mataifa mengine. Akipenda, basi. Kwa Kiitaliano kifungu hichohicho kilisema kwamba amekubali kuitumia, na Italia ikakishika kama kamba shingoni: ikatangaza kwamba Ethiopia iko chini ya ulinzi wake. Menelik alipogundua alipinga, na mwaka 1893 akaukana mkataba wenyewe. Mambo yalimalizikia vitani, Adwa, tarehe 1 Machi 1896, na jeshi la Italia likashindwa vibaya. Naam, yalikuwako mengine mengi yaliyowapeleka vitani, lakini 'aweza' na 'amekubali' ndiyo yaliyokuwa mezani.

Najua nitapingwa. Wako walimu, na ninawaheshimu, wanaosema kwamba mwanafunzi akitafsiri tafsiri kichwani hatakijua Kiingereza kamwe. Ajifunze kufikiri kwa Kiingereza. Ni kweli kwa mtu anayezungumza. Ukisimama kwenye mdahalo ukawa unatafsiri kila neno, wenzako watakuwa wamekwisha kukaa chini. Lakini kuelewa ni kazi nyingine. Mimi sijaona fundi anayekataa kupima ubao mpya kwa futi aliyo nayo mfukoni. Tena kutafsiri tunatafsiri tayari, tukatazwe tusikatazwe. Tofauti ni kwamba sasa twafanya kwa siri, kila mtu na makosa yake, hakuna wa kutusahihisha.

Wengine, hasa hapa chamani, watanipinga kwa upande mwingine. Watasema Kiswahili ndicho kilicho wazi na Kiingereza ndicho chenye ukungu. Hapana, jamani, tusijisifu kupita kiasi. Nikisema 'Mwalimu mkuu anaweza kumfukuza', nina maana gani? Ana uwezo? Ana ruhusa ya sheria? Ama huenda akamfukuza maana leo ameamka vibaya? 'Weza' yetu imebebeshwa magunia matatu. Na 'lazima' yetu ni pacha wa 'must' mpaka kwenye kasoro zake. 'Lazima ufike saa moja' ni amri, lakini 'Lazima amefika, baiskeli yake si ile pale?' ni kukisia tu. Waingereza nao husema vivyo hivyo kwa 'must' moja. Hii ndiyo sababu nataka lugha hizi ziwekwe pamoja. Kila moja inaiumbua mwenzake, na sisi tulio katikati ndio tunaofaidika.

Basi nina pendekezo kwa chama, na mwenyekiti ameshalikubali kwa mdomo, bado kuliandika tu. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, badala ya kurudia vitendawili vilevile, tulete karatasi halisi kutoka nyumbani: mkataba wa kupanga, fomu ya hospitali, masharti ya mkopo wa simu, barua ya chama cha akiba. Majina ya watu yafunikwe. Kila sentensi yenye kimojawapo cha vile vitenzi tisa iandikwe ubaoni, nasi tuiseme kwa Kiswahili bila kutumia 'weza' wala 'lazima'. Utaona watu watakavyotoka jasho! Itabidi wachague: ana ruhusa, ana deni, huenda, hana budi, yafaa, amekatazwa.

Karatasi ya kwanza nimeshaichagua. Ni kanuni za shule yetu wenyewe, zile tulizotia sahihi siku ya kwanza kidato cha kwanza pamoja na wazazi wetu. Kanuni ya nne inasema: 'Students may be searched at the gate.' Sisi wa kutwa hupita langoni hapo mara mbili kwa siku. Njoo na kalamu.